Goma: Sufuria kuukuu hurudi jikoni, lakini ndani yake mna nini?

Kila asubuhi, kabla ya maduka ya Birere kufunguliwa, kuna sauti inayotangulia ile ya pikipiki. Ni chuma kinachogonga chuma. Kijana hupita polepole katika vijia, gunia mgongoni, akigonga kipande cha bati kwa msumari mkubwa ili wamama walio ndani wajue kwamba mnunuzi wa vyuma vya zamani amefika. Milango ya mbao hufunguka mmoja baada ya mwingine. Hutoka ndoo isiyo na kitako, mfuniko uliobaki peke yake, mbabula iliyoliwa na kutu, na mara nyingi sufuria iliyotoboka.

Hapo mabishano huanza. Kijana humwita mwenye nyumba "mama", hata kama ni msichana wa umri wake, naye mwenye nyumba humwita "mtoto wangu", hata kama kijana ana ndevu. Chombo hupimwa kwa mkono kwanza, kisha kwa mizani ya kuning'iniza. Kijana huona ni chepesi, mama huona mizani inadanganya. Wakikubaliana, franka chache za Kongo hutoka mfukoni mwa kijana na sufuria huingia guniani.

Haiendi kutupwa. Baada ya siku au majuma machache, aluminiamu ile ile hurudi sokoni ikiwa sufuria mpya yenye kung'aa, na huenda ikanunuliwa na jirani wa yule yule mama. Kazi hii hulisha vijana wengi wa mji, husaidia jamaa ambazo haziwezi kununua chombo cha kiwanda, na hupunguza uchafu katika mji ambao hauna pa kuuweka. Lakini kuna swali ambalo wanunuzi hawaulizi wanapofika sokoni: sufuria ya mama iliyeyushwa pamoja na vyuma gani vingine?

Mji ambao hauchimbiki

Ili kuelewa kwa nini Goma hutupa vitu vichache kuliko vile mtu angedhani, lazima kuanzia chini, kwenye jiwe. Kijijini, iwe Masisi ao Rutshuru, taka za nyumbani hupelekwa kwenye migomba ao katika shimo nyuma ya nyumba, na udongo humaliza kazi. Sehemu kubwa ya Goma haina udongo huo. Mji umejengwa juu ya mawe ya volkano, na kuchimba choo tu ni kazi ya nyundo na patasi. Kwa hiyo kinachotupwa hubaki juu, mbele ya macho ya wote: katika mitaro, kando ya barabara, kwenye kiwanja ambacho hakijajengwa. Mvua kubwa ikinyesha, hushuka mpaka ziwani.

Volkano hiyo hiyo ndiyo iliwafundisha wakaaji kuokota. Tarehe 17 Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji mpaka Ziwa Kivu, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege na mitaa ya biashara. Waliorudi walikuta nyumba zao chini ya jiwe jeusi, wakajenga juu yake. Jiwe la lava likawa msingi na ukuta, na bati lililopona likanyooshwa kwa nyundo na kupigiliwa tena. Miaka 19 baadaye, tarehe 22 Mei 2021, lava ilishuka tena, ikameza nyumba nyingi katika vijiji vya eneo la Nyiragongo, kisha ikasimama upande wa Buhene, mlangoni mwa mji. Jiwe lilikuwa bado na joto wakati watu walipopanda juu yake kutafuta mabati na vyuma. Kuna waliotafuta vya kwao, na kuna waliotafuta vya kuuza.

Vita vilifanya somo hilo kuwa la kila siku. Mtu aliyekimbia mara tatu anajua kitu gani cha kubeba kichwani: sufuria, bidoni, godoro, shitingi. Mnamo Februari 2025, baada ya waasi wa AFC/M23 kuteka Goma mwishoni mwa Januari, kambi za wakimbizi wa ndani zilizouzunguka mji zilibomolewa, na shitingi zilizokuwa vibanda Bulengo ama Kanyaruchinya zikaondoka na wenyewe. Shitingi ya namna hiyo haiishi upesi. Leo ni paa la jiko, kesho ni pazia la choo, siku nyingine ni kitu cha kuanikia mahindi.

Tangu wakati huo benki za mji zilifungwa na pesa ikawa ngumu kuonekana. Hata noti zenyewe zimezunguka mikononi mwa watu mpaka zimechakaa. Katika hali hiyo, kununua chombo kipya ni jambo la kufikiria mara mbili.

Kwanza kurekebisha, baadaye kuuza

Kabla sufuria ya Goma haijafika kwa mnunuzi wa vyuma, imekwisha kuishi maisha mengi. Wa kwanza kuiokoa ni mwenyewe. Tundu dogo huzibwa kwa kipande cha aluminiamu kilichogongwa kwa pande mbili. Mkono ukikatika, waya huchukua nafasi yake. Ikishindwa kubeba maji, inakuwa ya kuchemshia mahindi ya kuchoma nusu, halafu ya kutolea majivu, halafu ya kuku kunywea. Ni pale kuku anapokosa maji ndipo gunia la kijana huitwa.

Bidoni ina historia ndefu zaidi. Ile ya manjano ya litri 20 iliingia nchini ikiwa imejaa mafuta ya kupikia, lakini ni wachache wanaoikumbuka hivyo. Katika mji ulio kando ya ziwa kubwa na ambao mitaa yake mingi haina maji ya bomba, bidoni ni chombo cha uhai. Huonekana mgongoni mwa mtoto anayepanda kutoka Kituku, imefungwa kwa kamba ya paji la uso, ama zikiwa kumi na zaidi juu ya chukudu moja. Ikipasuka, kuna fundi wa kuishona: hupasha moto kipande cha chuma juu ya makala, huyeyusha kipande cha plastiki cha rangi ile ile, na kukisugua juu ya ufa mpaka plastiki mbili ziwe moja. Fundi huyo huyo hushona mabeseni na viti vya plastiki, mara nyingine kwa waya kama mtu anayeshona kiatu. Kovu hubaki, lakini maji hayatoki.

Bidoni iliyokataa kushonwa hukatwa. Nusu ya chini inakuwa beseni la kufulia, nusu ya juu inakuwa faneli ya wauza mafuta ya gari kando ya barabara. Kuna zinazojazwa udongo na kupandwa vitunguu na lenga-lenga, njia nzuri ya kuwa na shamba pahali ambapo chini ni jiwe. Jambo moja tu linahitaji macho: bidoni iliyowahi kubeba dawa ya mimea, asidi ya betri ama mafuta ya mashine haifai kurudi kwenye maji ya kunywa, hata ikisuguliwa kwa mchanga na sabuni mara ngapi. Plastiki hunywa kile ilichobeba, na harufu ikiisha haimaanishi kwamba sumu imeisha.

Kwa makopo, sokoni ndiko mtu anaona akili za watu. Kopo la maziwa ya watoto la Guigoz limekuwa kipimo cha maharagi na unga, na mnunuzi anajua bei ya kopo kuliko bei ya kilo. Kopo la mafuta ya msaada, lile lenye maandishi ya Marekani, hufunguliwa na kunyooshwa liwe mlango, ama hukatwa liwe taa ya petroli. Kuna nyumba ambayo ukisimama mbele yake unaweza kusoma historia ya misaada yote iliyopita hapa.

Chukudu yenyewe, ile baiskeli ya mbao ambayo Goma imeijengea sanamu katikati ya mji, haiendi bila kitu kilichotupwa: magurudumu yake ya mbao huvalishwa mpira wa tairi la gari lililochoka. Na ni chukudu inayobeba vyuma kutoka mitaani mpaka kwenye dipo za wanunuzi wakubwa. Takataka zinasukumwa na takataka, na zinafika.

Wanaokusanya

Kati ya mlango wa mama na dipo kuna watu wa namna mbili. Kuna vijana wenye mizani, ambao wanachukua kazi hii kama biashara na wana njia zao, leo Majengo, kesho Ndosho. Halafu kuna watoto wa barabarani, wale mji unaowaita maibobo kwa jina lisilo na heshima. Wao hawana mizani wala pesa ya kununulia. Wanaokota: vipande vya waya, chupa, makopo ya vinywaji, msumari mmoja mmoja. Wakifika dipo, kilo yao inalipwa kidogo kuliko ya mwenye mizani, kwa sababu hakuna wa kuwasemea, na kwa sababu mara nyingi wanashukiwa wizi. Shaka hiyo si bure kila mara. Mfuniko wa shimo la maji ama waya wa umeme ukipotea usiku, asubuhi watu hutazama upande wa dipo. Lakini dipo ndiyo iliyonunua, na dipo haiitwi maibobo.

Watoto hao pia ndio wanaofanya kazi ya hatari kuliko zote. Waya wa umeme na wa mashine una shaba ndani, na shaba ina bei. Kuitoa, njia ya haraka ni kuichoma waya nzima motoni mpaka plastiki iishe. Moshi mweusi unaotoka hapo ni sumu, na anayeupumua ni mwenye miaka kumi na miwili aliyeinama juu ya moto. Waya ukichunwa kwa kisu, shaba hutoka safi na hulipwa vizuri zaidi kuliko ile iliyoungua. Ila kuchuna kunataka muda, na mwenye njaa hana muda.

Dipo hutenganisha: chuma cheusi pembeni, shaba pembeni, aluminiamu pembeni. Bati na madramu ya mafuta huenda kwa mafundi wa mbabula, ambao hufanya kazi kwa nyundo, patasi na mkasi wa bati peke yake. Kelele zao husikika toka mbali. Wanajua kukata duara bila kupima, kutoboa kitako ili majivu yaanguke, na kugeuza kipande kilichobaki kiwe mguu. Mbabula nzuri, yenye udongo wa mfinyanzi ndani, hula makala kidogo. Hilo si jambo dogo kwa jamaa ya Goma, ambayo makala humaliza pesa yake, wala kwa miti ya Virunga, ambako sehemu ya makala hayo hutoka.

Aluminiamu hufuata njia nyingine.

Mchanga, moto na plombu

Kazi ya kuyeyusha sufuria haihitaji mashine kubwa, na ndiyo sababu imeenea karibu Afrika yote. Kunatakiwa mchanga laini, makala, chungu cha chuma kizito, na sufuria moja nzuri ya kuwa mfano. Fundi huweka sufuria ya mfano ndani ya fremu ya mbao ama ya chuma, huizungushia mchanga wenye unyevu kidogo, na kuushindilia kwa mkono na kwa mguu mpaka uwe mgumu kama tofali. Hunyunyiza majivu ili pande mbili zisishikane. Kisha hufungua fremu, hutoa sufuria ya mfano polepole, na kufunga tena. Pahali sufuria ilipokuwa hubaki nafasi tupu, nyembamba, yenye umbo lile lile.

Pembeni, moto unavumiwa kwa feni ndogo ya kuzungusha kwa mkono, mara nyingi ikivutwa na gurudumu la baiskeli. Aluminiamu huyeyuka kwenye joto la digrii 660, joto ambalo makala yanaweza kulifikia bila shida kama yakipata upepo. Uchafu huelea juu, fundi huutoa kwa kijiko kirefu, kisha humimina kwa mkono mmoja usiotetemeka. Akisita katikati, sufuria itakuwa na mstari, na pahali pa mstari ndipo itapasuka. Baada ya dakika chache mchanga huvunjwa, na chombo hutoka cheusi na chenye makali pembeni. Vijana wa kusugua hukipokea kwa tupa na msasa mpaka king'ae.

Sufuria hiyo ni nzito kuliko ya kiwanda, hushika joto, haipindiki ovyo, na bugali ya watu kumi hupikwa ndani yake bila hofu. Ndiyo sababu wamama wa mikahawa wanaipenda. Upande wa mazingira pia ni faida ya kweli: kuyeyusha aluminiamu ya zamani kunatumia karibu asilimia 5 tu ya nguvu inayohitajika kutengeneza aluminiamu mpya kutoka kwenye madini. Kama hesabu ingeishia hapo, ingekuwa habari nzuri tu.

Lakini sufuria za zamani hazitoshi. Watu wanaziweka mpaka zimekwisha, na kopo la kinywaji ni jembamba, sehemu yake kubwa hugeuka uchafu motoni. Kwa hiyo chungu cha fundi hujazwa na kile dipo inacho: pistoni za pikipiki, vifuniko vya injini, radieta, vipande vya madirisha, vitu vya kompyuta. Vyote vina rangi ya aluminiamu, ila si vyote ni aluminiamu tupu. Radieta za zamani ziliunganishwa kwa risimu yenye madini ya risasi. Vipuri vya injini huchanganywa na madini mengine kiwandani. Na pale betri ya gari ilipovunjwa karibu na moto, kipande chake kinaweza kuingia bila mtu kuona.

Katika mji ambamo neno risasi lina maana nyingine inayojulikana mno, ni afadhali kutumia jina ambalo mafundi wa gari wanalijua: plombu. Ndiyo shida yenyewe. Plombu haina harufu, haina ladha, na haionekani ndani ya sufuria iliyong'arishwa. Inatoka kidogo kidogo wakati wa kupika, hasa chakula kikiwa na uchungu wa asidi kama nyanya ama ndimu, na kikikaa motoni muda mrefu.

Hili si jambo la kukisia. Mwaka 2014, watafiti walipima vyombo vya aluminiamu vilivyoyeyushwa kwa mkono nchini Kameruni na kukuta vinaachilia plombu kwenye chakula. Mwaka 2017, kikundi kilichoongozwa na Jeffrey Weidenhamer wa chuo kikuu cha Ashland, Marekani, kilitangaza matokeo ya vyombo 42 kutoka nchi 10, zikiwemo Kenya, Tanzania na Côte d'Ivoire. Vyombo hivyo vilichemshiwa maji yenye asidi, kwa kuiga upishi. Zaidi ya thuluthi moja viliachilia plombu ya kutosha kuleta hatari. Viko pia vilivyotoa kadmiyumu na arseniki. Kongo haikuwa kati ya nchi hizo, lakini mchanga, makala na mchanganyiko wa vyuma ni ule ule kutoka Douala mpaka Dar es Salaam, na pikipiki zinazokufa Goma ni ndugu za zile zinazokufa Nairobi.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha plombu mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo hunyonya plombu mara 4 mpaka 5 zaidi ya mtu mzima kutoka kiasi kile kile alichokula, na madhara huenda kwenye ubongo: kuchelewa kujifunza, kushindwa kutulia, akili kupungua bila kurudi. Mama mwenye mimba humpitishia mtoto aliye tumboni. Ubaya wake ni kwamba haileti homa wala kuhara. Hakuna jamaa itakayosema mtoto alipatwa na ugonjwa wa sufuria. Itasemwa tu kwamba mtoto ni mzito darasani.

Kinachowezekana

Kupiga marufuku sufuria hizo kungekuwa rahisi kwenye karatasi na kungemwumiza yule asiye na kingine cha kupikia. Njia inayoeleweka zaidi iko kabla ya moto, pale dipo na mafundi wanapochagua vyuma. Sufuria kuukuu, sahani, makopo safi na vyuma vya madirisha vikiyeyushiwa vyombo vya chakula. Vipuri vya injini na radieta vikiyeyushiwa vitu visivyoingia kinywani, kama mapambo ya milango na vipuri vya mashine za kusaga. Betri ikae mbali kabisa na moto. Kutenganisha kwa namna hiyo hakuhitaji mashine. Kunahitaji fundi apate faida kidogo kwa kutenganisha, na leo hana: mnunuzi hulipa bei ile ile kwa sufuria ya aluminiamu safi na kwa ile ya radieta.

Nyumbani pia kuna mambo ya kufanya wakati wa kungoja. Sufuria ya kumiminwa inafaa zaidi kwa bugali, viazi na ndizi, kuliko kwa mchuzi wa nyanya wa sambaza unaochemka saa nzima. Chakula kilichobaki kisilale ndani yake, kihamishiwe kwenye sahani ya udongo, ya kioo ama ya plastiki safi. Maziwa na uji wa mtoto vipikwe kwenye chombo kingine kama kipo, hata kidogo. Na mtoto anayekula vizuri, mwenye maharagi, majani na samaki wadogo kwenye sahani, mwili wake hunyonya plombu kidogo kuliko wa mtoto mwenye njaa, kwa sababu chuma na kalsiyumu vya chakula hushindana nayo. Ndiyo kusema, kama kawaida, maskini wanalipa mara mbili.

Kisichonunuliwa na mtu

Upande wa pili wa biashara hii ni kile kinachobaki wakati vijana wamekwisha kupita. Wao huchukua chenye bei na kuacha kisicho nayo: sachet, chupa za plastiki zilizopondeka, nguo zilizooza, povu la godoro. Serikali ya Kongo ilikataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko na sachet za plastiki kwa dekreti ya tarehe 30 Desemba 2017. Ng'ambo ya pili ya mpaka, Gisenyi, katazo kama hilo liko tangu mwaka 2008 na linafuatwa. Upande huu, sachet bado ndiyo inayofunga chumvi, sukari, mafuta ya kupima, na hata maji ya kunywa.

Mvua ikizisukuma ziwani, hazibaki Goma. Ziwa Kivu hutoka upande wa kusini, Bukavu, kwa mto Ruzizi, na hapo kuna mabwawa ya umeme, la kwanza likiwa la tangu miaka ya 1950. Plastiki huja kuziba njia ya maji ya mashine, na mara nyingi wafanyakazi wamelazimika kuitoa ili umeme urudi. Kwa hiyo sachet iliyotupwa ufukweni inaweza kumzimia taa mtu ambaye hajawahi kufika Goma. Huko Bukavu kuna vijana wanaokusanya chupa kwa mitumbwi na kuzifanya vikapu, viti na vyombo vya maua. Kazi ni nzuri na inaonekana kwenye picha, ila chupa zinazofika ni nyingi kuliko vikapu ambavyo watu wanahitaji.

Jioni, katika soko la Virunga, sufuria mpya hupangwa kubwa chini na ndogo juu, kama minara. Mama anayetafuta ya kupikia watu wengi hainami kuchukua ya kwanza. Huinyanyua apime uzito, huigonga kwa kidole asikie kama inalia vizuri, kisha huielekeza juu, upande wa mwanga, atafute tundu. Hugeuza kitako, hupitisha kidole gumba ndani, polepole, pale mchanga unapoacha vinundu. Muuzaji, ambaye hajui zaidi yake kuhusu kilichomo, husubiri bila kusema. Mama hairudishi chini bado. Huuliza bei.